Maombi Niliyoyashona

Mwezi ule ule nilipotolewa kwenye kwaya, majoho ya kwaya yaliletwa kwangu niyapunguze urefu. Yalikuja ndani ya magunia mawili. Mama anayetunza vifaa vya kanisa aliyaweka kwenye meza ya kibanda changu hapo Sosiot, kati ya cherehani na sare za shule, akasema wengine wanakanyaga pindo wakipanda ngazi za mbele. Aliongea akiangalia cherehani. Nikamwambia arudi Alhamisi.

Fundi mwingine pale sokoni alikuwepo, tena kibanda chake kiko karibu na kanisa kuliko changu. Nadhani hawakufikiria sana. Majoho yale niliyashona mimi, na kazi ikiharibika unairudisha kwa aliyeifanya. Nililitambua joho langu kwa doa la chai kifuani. Lilikuwa limebandikwa kikaratasi chenye kipimo cha mtu mwingine, mfupi kuliko mimi. Nikalipunguza. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nikiwa nimeimba sauti ya tena, ile ya juu ya wanaume, katika kanisa lile kwa miaka kumi na miwili.

Nilichofanya ni hiki. Kwaya ilikuwa imeenda Roret kwa mkutano wa makanisa, siku tatu. Siku ya pili mchana mvua ilinyesha, wengine wakabaki kanisani, mimi na mwenzangu mmoja tukaenda kwenye darasa tulilopangiwa kulala. Yeye alikuwa anaimba besi, sauti nzito. Ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha majani chai, mwanamume wa kutoka upande wa ziwa, na wakati huo tulikuwa tunapendana kwa mwaka wa tatu. Shati lake lilikuwa limepoteza kifungo. Alilala kichwa chake kikiwa kwenye paja langu, nami nikawa ninamshonea kifungo hicho shati likiwa bado mwilini mwake. Mtu akafungua mlango, akaufunga tena polepole. Ni hayo tu yaliyoonekana, na yalitosha.

Mchungaji aliniita ofisini nyuma ya kanisa, pamoja na wazee wawili. Ni mchungaji kijana, ana watoto wadogo, na siku ile macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye hajalala vizuri. Mzee mmoja aliniuliza kama ni kweli. Nilikuwa nimejiandaa kukana. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Lakini nilipofungua mdomo niliona kazi yote inayonisubiri, uongo wa leo na wa kuulinda kesho na wa mwaka ujao, nikakosa nguvu.

"Ni kweli," nikasema.

Mchungaji alivuta pumzi. "Hakuna mtu anakufukuza," akasema. "Unaelewa? Kanisa ni lako. Tunakupumzisha tu kwa kwaya."

"Mpaka lini?"

"Tutaomba, tuone."

Mwenzangu hawakumwita. Hakuwa ameandikwa katika kanisa letu, alikuwa mgeni aliyependa kuimba. Jumapili iliyofuata hakuja, na hakuna aliyeuliza.

Nyumbani, Mama alinipa chai, akakaa upande wa pili wa meza. Mimi ni kitinda mimba. Ndugu zangu wana miji yao, na baba alishafariki, kwa hiyo tuko wawili, na ng'ombe watatu, na shamba la majani chai linalotosha kumchosha mwanamke wa umri wake.

"Wamekuambia nini?"

"Nipumzike kidogo."

"Basi pumzika," akasema, akaniongezea chai.

Nilidhani hayo ndiyo yangekuwa yote. Asubuhi ya pili nilimpelekea mtungi wa maziwa kwenye zizi, nikamsikia kabla hajaniona. Alikuwa anakamua huku paji la uso ameliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, na anaomba kwa sauti, kwa Kipsigis, lugha yetu, kama mtu anayezungumza na jirani aliye ng'ambo ya ua. Alisema: "Jehova, mwondolee mtoto wangu hiki kitu. Kama hutaki kukitoa, nichukue mimi kwanza, nisikae hapa nikiangalia."

Nikasimama na mtungi. Maziwa yaliendelea kugonga ndoo. Nikakohoa, nikaingia, tukasalimiana.

Mama ndiye aliyenifundisha sindano. Nilipokuwa darasa la nne nilivunjika mguu, nikakaa nyumbani muhula mzima, na yeye akanipa kitambaa na uzi ili nisilie. Watu wa kwetu wanamjua kwa vitambaa vya makochi. Kila mgeni anayeketi kwenye sebule yetu anaegemea maua yake, na pembeni mwa kila kitambaa anazungusha ua moja dogo lenye majani matano, ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Mimi nilijifunza ua hilo kabla sijajua kugawanya hesabu. Baadaye nikawa fundi cherehani, nikashona sare na suruali na majoho, lakini kudarizi kwa mkono nilikuacha kwa miaka mingi.

Nilirudi kwenye kudarizi baada ya majoho yale. Mwenzangu alikuwa ameniambia zamani sala aliyokuwa akiomba akiwa mdogo. Nilikata kipande cha marekani, kitambaa kile cheupe kisichong'aa, nikaishona kwa uzi mwekundu: *Mungu, kesho nikiamka nipate nimekuwa kama kaka zangu. Kama haiwezekani, basi nipate hamu ya kula.* Ilinichukua wiki mbili, katikati ya kazi za wateja. Nilipomwonyesha alipitisha kidole juu ya herufi.

"Usiweke jina langu," akasema.

"Sitaweka."

Baada ya hapo wakaja wengine, na sikuwatafuta. Mwenzangu alimwambia rafiki yake mmoja, kijana aliyesomea uchungaji akaacha karibu na kumaliza. Huyo akamwambia msusi wa nywele wa Bomet, mwanamke anayependa wanawake, naye akamleta mwalimu mmoja wa upande wa Chepilat. Walikuja kibandani kama wateja, wamebeba suruali za kupunguzwa na zipu zilizokufa. Nilikuwa nampima mtu kiuno huku ananiambia alivyoomba akiwa na miaka kumi na tano. Msusi alisema: *Nipe mume mpole, na umfanye awe safarini kila mara.* Alicheka alipoisema, halafu akaacha kucheka. Mwalimu aliomba asikie sauti yoyote ile kutoka kwa Mungu, hata ya kumkaripia. Mwanamume mmoja alisema haombi tena, hana la kuniambia. Nikamuuliza kama anataka kitambaa. Akafikiri, akasema ndiyo. Nikamshonea neno moja: *Sina.*

Hivyo nikawa msanii bila kupanga. Yule aliyeacha uchungaji alivipiga picha vitambaa, akampelekea mama mmoja wa Nairobi mwenye nyumba ndogo ya maonyesho, na mama huyo akasafiri mpaka Sosiot kuviona. Alivishika kwa ncha za vidole. Akaniambia, "Hii ni sanaa kubwa, unajua?" Mimi nilikuwa nawaza kwamba amekaa juu ya sare za darasa la sita.

Vitambaa vilikuwa kumi. Cha kumi na moja kilikuwa cha Mama.

Nilikishona kwa Kipsigis, neno kwa neno kama alivyosema zizini. Nilitumia uzi wa bluu, nikazungusha pembeni ua lake la majani matano. Ndicho kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushona. Mwenzangu aliponitembelea alikisoma taratibu, maana Kipsigis chake ni cha kazini.

"Umemwuliza?"

"Nairobi nani anasoma Kipsigis? Hatajua."

"Sikuuliza kama atajua."

Akakirudisha mezani, akakinyoosha kwa kiganja.

"Nikuambie kitu," akasema. "Wewe ukishona unapumzika, nakuona. Lakini sisi tunaoshonwa tunachoka. Mimi nilitaka tu mahali pa kuimba."

Hakuja Nairobi. Nilienda peke yangu, nikasimama siku tatu kwenye chumba cheupe chenye taa kali, na watu wakaja kuniuliza. Walikuwa watu wazuri. Wengi waliuliza swali moja kwa maneno tofauti: unawezaje kubaki na Mungu na kanisa linalokukataa? Nyumbani nilikuwa nimeulizwa miezi yote hiyo nawezaje kuwa nilivyo na bado nadai namjua Mungu. Nikiwa katikati ya kujibu mara ya ishirini niligundua kwamba ni swali lile lile, limegeuzwa tu upande wa ndani nje kama shati, na kwamba sehemu zote mbili niliyejibu ni mimi tu. Mwanamke mmoja alilia begani kwangu kwa muda mrefu. Nilimpigapiga mgongoni, na aibu yangu ni kwamba nilikuwa nafikiria kama nitapata mahali pa kukaa.

Mbele ya kitambaa cha Mama walisimama zaidi kuliko mahali pengine. Hawakuelewa hata neno moja. Waliuliza kinasema nini, nikawaambia ni sala ya mzazi. Wakasema, kizuri sana. Wakapiga picha.

Picha haijui kukaa mahali ilipopigwa. Alhamisi moja, akina mama wa kanisa walikuwa wamekutana nyumbani kwa mmoja wao, na binti mwenye simu akampitishia jirani yetu picha iliyomfikia. Jirani aliona ua la pembeni, akafurahi. "Si huu ni mkono wako?" akamwambia Mama. "Kumbe kazi yako imefika Nairobi!" Simu ikapita kutoka mkono hadi mkono, wakimsifu. Halafu mmoja akaanza kusoma maneno kwa sauti, kwa sababu pale kila mtu anasoma Kipsigis. Alifika mwisho kabla hajaelewa anachosoma.

Haya nilisimuliwa na jirani. Mama mwenyewe hakuniambia. Nilipofika nyumbani nilimkuta shambani, kikapu mgongoni, jua limesimama katikati, anachuma kwa mikono miwili bila kuinua kichwa. Nilisimama mwisho wa mstari.

"Siku ile," akasema, "nilikuwa naongea na nani?"

Sikujifanya sielewi. "Na Mungu."

"Na wewe je?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unatafuta nini kwa hayo mazungumzo?"

"Yalikuwa yananihusu, Mama."

"Yalikuhusu. Hayakuwa yako." Akarusha konzi ya majani nyuma, yakaanguka kikapuni. "Mimi nina mahali pamoja tu pa kusema kitu bila mtu kusikia. Ni pale kwa ng'ombe. Kanisani kuna watu, nyumbani uko wewe, kwa wenzangu kuna wenzangu. Sasa nikienda kukamua nafunga mdomo. Umenisikia? Nafunga mdomo."

Nikamwomba msamaha. Akaendelea kuchuma. Nilikuwa nimeyabeba maneno ya kujitetea mengi, kwamba nilikuwa nimeumia, kwamba nilishona kwa heshima, kwamba hata maua niliyaweka. Yote yalikuwa kweli. Nilichukua mstari wa pili nikaanza kuchuma, na tukapanda mteremko hivyo mpaka juu, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Mabega yangu yalikuwa yanauma. Kwa mara ya kwanza nilijiuliza yeye amechoka kiasi gani, na ni nani amewahi kumpumzisha.

Tulipofika barabarani, akasema, "Kilete nyumbani."

Nikarudi Nairobi wiki hiyo hiyo. Yule mama wa maonyesho alijaribu kunishawishi. Alisema hicho ndicho moyo wa chumba chote, kwamba bila hicho ukuta utakuwa na pengo. Nikamwambia najua. Akaniangalia, akaenda mwenyewe kuleta ngazi.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Mama alivaa miwani, akatandaza kitambaa mezani, akakaa akikitazama kwa muda. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi nikingoja atakachosema.

"Umekaza uzi sana," akasema. "Ona kilivyokunjamana. Ulikuwa na hasira ukishona?"

"Nafikiri nilikuwa nayo."

"Inaonekana."

Kisha akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua. Alianza na neno la kwanza. Alikata uzi kila baada ya mishono mitatu minne, akavuta vipande kwa kucha, akavikusanya kwenye kisahani. Hakuharakisha. Maneno yaliondoka moja moja, na mahali pake pakabaki vitundu vya sindano ambavyo bado ungeweza kuvisoma ukiinua kitambaa kwenye mwanga. Ilimchukua mchana ule na mchana wa Jumatatu. Ua la pembeni hakuligusa.

Jumatatu hiyo nilipata ujasiri wa kumuuliza.

"Bado unaiomba ile?"

"Ipi?"

"Hiyo unayoifumua."

Alicheka kidogo puani. "Hii ilikuwa ya wiki ile tu. Mtu akipigwa anapiga kelele. Hata mwezi sikumaliza nayo."

"Na sasa unaomba nini?"

Alinitazama juu ya miwani. "Unataka kushona tena?"

"Hapana, Mama."

"Basi kaa bila kujua. Mimi pia nakaa bila kujua mambo yako mengi."

Nilijilaza kwenye kochi, juu ya vitambaa vyake, mchana mweupe, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Roret. Nilipoamka meza ilikuwa tupu na yeye alikuwa ameshaenda kwa ng'ombe. Sikumfuata. Siku hizi nikipeleka mtungi naita kutoka mbali, kwa sauti, mpaka ajibu.

Baada ya hapo niliwapigia simu wote kumi, mmoja mmoja, nikawauliza tena, safari hii vizuri, kama wanakubali sala zao zining'inie mbele ya watu. Nilikuwa nimewauliza mwanzoni, lakini nilikuwa nimewauliza mikono yangu ikiwa tayari na sindano, na mtu huona vigumu kukataa. Watatu wakataka vyao virudi. Mwalimu alikuwa mmoja wao. Alikuja mwenyewe kukichukua, akanishukuru kwa namna iliyonifanya nijisikie vibaya zaidi. Mwenzangu alikuwa wa tatu. Hakukifumua. Alikikunja mara nne, akakiweka kwenye mfuko wa koti la kazi. Sasa anasali katika kanisa moja la Kericho mjini, pamoja na watu wa kwao, na wamempa besi. Ana furaha akiimba, na mimi siendi kumsikiliza. Tunaonana Jumapili alasiri. Anapika samaki, tunakula, mara nyingi tunalala tu kila mtu upande wake wa kitanda tukisikiliza redio, kama wazee. Wakati mwingine ananiuliza kama nimechoka naye. Namwambia nimechoka na vingine.

Kanisani bado naenda. Nakaa safu ya nyuma upande wa dirisha. Mchungaji hajasema tena lolote kuhusu kuomba tuone, nami sijamkumbusha. Nyimbo nyingine naziimba kwa sauti ndogo, kwa tena yangu ile ile ya kwaya, na mama aliye mbele yangu hugeuza kichwa kidogo halafu hukirudisha.

Mama yangu anakaa mbele na wenzake. Baada ya ile picha, wawili kati yao waliacha kuketi karibu naye. Sikujua mpaka nilipoona mwenyewe, benchi limejaa kila upande isipokuwa pale alipo yeye. Nilimwambia tukirudi nyumbani kwamba naona wamemwachia nafasi. Nilitaka kumwomba msamaha tena.

"Afadhali," akasema. "Sasa nina mahali pa kuweka mkoba."

Kwa miezi mingi sikushona sala ya mtu yeyote. Mama wa Nairobi alipiga simu mara mbili akitaka mpya, nikamwambia nina sare za kushona, jambo ambalo halikuwa uongo. Halafu yule msusi wa Bomet akanipigia. Alisema ile ya mume wa safarini imezeeka, anayo nyingine sasa, fupi, nimshonee. Nikamwambia aje Jumanne na kitambaa chake mwenyewe.

Alipokuja nilimpa sindano. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mimi nasuka nywele, sishoni."

"Vidole ni hivyo hivyo."

Sikumuuliza sala ni ipi. Nilimwonyesha mshono wa mnyororo kwenye kipande cha sare, mara tatu, akageuka akanipa mgongo, akaanza. Sasa wanakuja Jumanne alasiri, watu watatu au wanne, akiwemo yule wa *Sina*, ambaye hajatuambia anashona nini lakini ameshamaliza uzi wa kijani. Wanakaa kwenye benchi la wateja. Mishono yao ni mibaya sana. Mimi naendelea na zipu zangu, na mtu akiuliza sokoni, ninasema ni wanafunzi wa kudarizi.

Jumanne iliyopita msusi alijidunga kidole, damu ikatoka kwenye kitambaa, akanilaumu mimi kwa kumpa sindano nene. Alikuwa bado ananilaumu mvua ilipoanza. Wote tukainuka kuingiza sare zilizokuwa zimeanikwa nje.